Unataka pilau la mama? Saga viungo mwenyewe, kaka



Leo madiwani na bajeti zao nawapa likizo. Nataka tuzungumzie pilau, na kabla hujafunga ukurasa ukidhani umepotea njia, nisikilize kidogo, maana ndani ya pilau kuna siasa kuliko unavyodhani.

Juzi kwenye chumba chetu cha habari jamaa mmoja (jina namhifadhia, ni mtu wa watu) alianza kulalamika kwamba pilau la siku hizi halinukii. Mkewe anatumia masala ya pakiti, anamwaga, anakoroga, basi. Mama yake enzi hizo alikuwa anatwanga viungo kwenye kinu, na harufu ilikuwa inafika mtaa wa pili. Wenzake wakatikisa vichwa kwa huzuni kama wako msibani. Wanawake wa siku hizi bwana! Nikamuuliza swali moja tu: "Wewe mwenyewe mchi umeushika lini mara ya mwisho?" Akacheka, akahamishia mazungumzo kwenye Simba na Yanga.

Sasa msimamo wangu ni huu. Kuhusu harufu jamaa yuko sahihi kabisa. Kuhusu nani anapaswa kusaga, hapo ndipo tunapogombana.

Tuanze na harufu, maana upande huo hatuna ugomvi. Kiungo chochote kinanukia kwa sababu ya mafuta mepesi yaliyofichwa ndani yake. Ya karafuu yana kitu kinaitwa yujenoli, ndicho hicho hicho kinachokufanya ukumbuke karafuu ukikaa kwenye kiti cha daktari wa meno, kwa sababu na wao wanakitumia. Mafuta haya hayatulii, yakipata upenyo yanaruka hewani. Punje ikiwa nzima ganda lake linayalinda. Ukishaisaga, umevunja ganda vipande maelfu na kila kipande kinavuja. Ndiyo maana karafuu nzima ukiihifadhi vizuri inakaa miaka miwili mitatu bado inakuuma ulimi, wakati ya unga baada ya miezi michache imebaki rangi tu.

Sasa fuatilia safari ya pakiti. Imesagwa kiwandani, ikakaa ghalani, ikapanda lori, ikashuka duka la jumla, ikaja kuning'inia kwenye duka la mtaani kwako pale mlangoni linapopiga jua la saa nane. Halafu wewe ukanunua, ukatumia nusu, ukaikunja ukaibana na kibanio cha nguo, ukaisahau hadi Krismasi. Tarehe ya mwisho wa matumizi bado haijafika, ni kweli. Ila ile tarehe haikuahidi kwamba harufu itakuwepo.

Kuna jambo la pili ambalo wasomaji wa magazeti kama ninyi mnaliweza vizuri: kusoma maandishi madogo. Utaratibu wa kimataifa wa kuandika lebo za vyakula unataka vilivyomo vitajwe kuanzia kile kilicho kingi kwa uzito hadi kile kilicho kidogo. Chukua pakiti yako ya masala ugeuze nyuma. Ukikuta giligilani imeanza na iliki imefungia mkia, umeshaelewa. Giligilani ni bei rahisi, iliki ni ghali, na mfanyabiashara anajua hesabu. Mimi simlaumu, angekuwa mjomba wangu angefanya hivyo hivyo. Lakini pilau linataka binzari nyembamba iwe mbele, na iliki isikike. Na ukikuta chumvi imo miongoni mwa watatu wa kwanza, basi umenunua chumvi kwa bei ya viungo. Ukikuta pameandikwa "viungo mchanganyiko" tu bila maelezo, irudishe rafuni.

Tukiwa kwenye binzari, niseme na hili. Nendeni Soko Kuu hapa Iringa mwambie muuzaji "naomba binzari" uone atakavyokutazama. Atakuuliza, "Ya mchuzi au ya pilau?" Maana binzari kwa wengi wetu huku bara ni ile ya njano, manjano, inayopaka vidole. Binzari nyembamba ni nyingine kabisa, vile vipunje virefu vya kahawia ambavyo watu wa pwani wanaviita uzile na Waasia wanaviita jira. Nimeshuhudia bachela mwenye digrii akipeleka nyumbani unga wa manjano kupikia pilau. Wali ukatoka kama jezi ya Yanga. Mkariri tu: pilau ni nyembamba, mchuzi ni njano.

Jambo la tatu ni zito kidogo, na hapa naomba tusitishane bure. Sisemi pakiti iliyo jikoni kwako ina sumu. Nasema unga ni mahali pazuri sana pa kuficha vitu, na dunia imeshalipa ada ya kulijua hilo. Februari 2005 kule Uingereza waligundua kwamba pilipili ya unga iliyoingia kwenye sosi moja maarufu ilikuwa imetiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1, rangi ya mafuta na nta, inayohofiwa kusababisha saratani. Mamia ya bidhaa zikaondolewa madukani kwa sababu sosi ile ilikuwa imeingia kwenye kila kitu. Bangladesh ni kibaya zaidi. Watafiti waliokuwa wanajiuliza kwa nini akina mama wajawazito vijijini wana madini ya risasi kwenye damu walikuja kukuta kwamba baadhi ya wasindikaji wa manjano wanaipaka kromati ya risasi, unga wa njano wa kutengenezea rangi, ili ing'ae na wateja waipende. Utafiti ulitoka 2019, serikali ikapiga kelele magazetini, ikafanya msako na faini masokoni, na kufikia 2021 manjano yenye risasi ilikuwa karibu imetoweka. Hapo nawapigia saluti. Na Aprili 2024, Hong Kong na Singapore walizuia baadhi ya masala ya kampuni kubwa za India baada ya kukuta ethilini oksaidi, gesi ya kuulia vijidudu ambayo haitakiwi kubaki kwenye chakula.

Hapa kwetu kazi ya kuangalia usalama wa chakula ilikuwa ya TFDA, na tangu 2019 imehamia TBS. Naheshimu kazi yao. Lakini afisa wa TBS hawezi kusimama kwenye kila mashine ya kusagia kila kichochoro. Punje nzima unaikagua mwenyewe kwa macho yako na pua yako. Karafuu nzima ni karafuu, hakuna mtu atakayekaa usiku kucha anachonga vijiti viwe na kichwa cha karafuu. Unaona vumbi, unaona mawe, unaona ukungu. Uchakachuaji unapenda unga.

Baada ya kusema hayo yote mtadhani nitaingia kwenye wimbo wa "turudi kwenye asili yetu". Siingii. Wadau wa Iringa tuambiane ukweli, pilau si la kwetu. Bibi yangu alizaliwa na kuzeeka kwenye vilima hivi na sidhani kama aliwahi kushika iliki. Yeye alitwanga karanga za kuweka kwenye mboga, alitwanga mahindi, na ulanzi ulipoiva hakuhitaji mdalasini. Pilau lilipanda huku kutoka pwani pamoja na biashara, na viungo vyake vikakaa kwenye maduka ya Waasia mjini kwa miaka mingi kabla havijahamia kwenye magenge. Leo hakuna harusi Kihesa wala kipaimara Ipogolo bila pilau, na limeshakuwa letu kwa kulila. Na hata wapwani wenyewe karafuu ni mgeni kwao, ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi, na asili yake ni Indonesia. Pilipili kali ndiyo kabisa, imetoka bara la Amerika ikaja na Wareno. Kwa hiyo anayekuambia kuna pilau la asili lisiloguswa, mwambie akuonyeshe cheti cha kuzaliwa.

Hata pakiti yenyewe si uvumbuzi wa dada zetu wavivu, kama wanavyosema kina jamaa. Mwaka 1784 duka moja la manukato pale Piccadilly, London, lilikuwa tayari linatangaza gazetini unga wa kari kwa Waingereza waliorudi kutoka India na hamu zao. Hawakuwa na mpishi wa Kibengali wa kuwasagia, wakanunua uliochanganywa tayari. Miaka ya 1890, wakati Wajerumani wanahangaika na Mkwawa wetu hapa Kalenga, Mjerumani mwingine aliyehamia Texas, William Gebhardt, alikuwa anasaga pilipili kavu na kuziuza kwenye chupa ili watu waweze kupika chakula cha Kimexico mwaka mzima. Hapo ndipo ukoo mzima wa vipakiti vya viungo vya Kimexico ulipoanzia huko Marekani. Pakiti ni jibu la swali la zamani sana: nani atasaga?

Na hilo ndilo swali ambalo jamaa yangu wa ofisini hataki kulijibu. Anapokumbuka harufu ya viungo vya mama yake, anakumbuka harufu tu. Hakumbuki mikono. Mama aliyetwanga ile masala alikuwa ameshatwanga na vingine, ameshachota maji, ameshafua, na mtoto mgongoni. Siku ya sikukuu wanaume wamekaa kwenye mkeka wanasubiri sinia, wasichana wako uani wanapokezana mchi tangu alfajiri. Ilipokuja pakiti, mwanamke wa Tanzania aliipokea kwa mikono miwili, na alikuwa na haki. Mke wa jamaa yangu ni mwalimu. Anatoka shule saa kumi, ana daftari za watoto sitini za kusahihisha, na bado kuna mtu amekaa sebuleni na rimoti anasikitikia kinu.

Kwa hiyo mimi nasema hivi: pua inayotaka masala mapya ndiyo yenye mikono ya kusaga. Ukiona pilau halinukii, hilo ni tatizo lako, na dawa yake inachukua dakika ishirini. Hizi dakika ishirini mwanaume wa Kitanzania anazo. Nimemwona akizitumia kuosha pikipiki ambayo ilikuwa safi.

Basi tusage. Mimi nakaa chumba na sebule, jiko langu ni la gesi la plate mbili, kwa hiyo msiniambie hamna vifaa. Kinu sina. Nina blenda ya kawaida yenye kile kikombe kidogo cha kusagia vitu vikavu, ambacho watu wengi wanakiacha kwenye boksi hawajui kazi yake. Kama huna, vinu vidogo vya mbao vya kutwangia kitunguu saumu vinauzwa sokoni, vinafaa ila utatoka jasho. Usithubutu kupeleka viungo kwenye mashine ya kusaga unga ya mtaani. Atakayefuata na debe lake la mahindi atakula ugali wa karafuu wiki nzima na atakutafuta.

Vipimo vyangu vya pilau ni hivi, kwa vijiko vya punje nzima kabla ya kusaga: binzari nyembamba vijiko 4 vya chakula, pilipili manga kijiko 1 cha chakula, iliki punje 15 hadi 20 pamoja na maganda yake, karafuu kijiko 1 cha chai, na mdalasini vijiti vitatu vyenye urefu wa kidole. Wengine wanaongeza giligilani kijiko kimoja na kukwangua kungumanga kidogo. Sigombani nao. Ila karafuu iheshimuni, ikizidi pilau linageuka dawa ya meno.

Mdalasini uuvunjevunje kwanza, la sivyo utakwama kwenye kisu cha blenda. Weka sufuria kavu kwenye moto mdogo, bila mafuta. Tanguliza mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, koroga dakika mbili. Binzari nyembamba iingie mwisho kwa sababu vipunje vyake ni vidogo na vinaungua upesi kuliko vingine vyote, na ikishaungua inakuwa chungu, hakuna cha kuokoa. Dakika moja na nusu inatosha. Dalili ni harufu: mwanzoni inanukia kama duka, halafu ghafla inanukia kama harusi. Hapo epua na umwage kwenye sahani mara moja, maana sufuria inaendelea kukaanga hata moto ukiwa umezima.

Halafu subiri ipoe kabisa. Hapa ndipo vijana wa fasta fasta mnapoharibu. Viungo vya moto vikisagwa vinatoa mvuke, mvuke unageuka unyevu ndani ya chupa, unga unaganda mabonge na baada ya wiki mbili una ukungu. Na ukungu si wa kuchezea nchi hii. Tunakumbuka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na viungo navyo vikihifadhiwa na unyevu vinaweza kupata sumukuvu. Vipoe, saga, chekecha kwa chujio la chai, yaliyobaki juu rudisha usage tena. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, kabatini mbali na jiko. Andika tarehe. Saga kiasi cha mwezi mmoja au miwili tu, zilizobaki ziache nzima.

Kilo moja ya mchele inataka vijiko viwili vya chakula vya masala haya, na mimi huwa natupia punje chache nzima kwenye mafuta wakati kitunguu kinabadilika rangi. Mchele wa Pawaga au wa Mbarali, wa jirani zetu Mbeya, kitunguu chekundu cha Ruaha Mbuyuni, nani kama sisi? Halafu kuna hili la wenzetu wa Dar wanaotutumia vipimo vyao vya maji kisha wakatucheka pilau likibaki na kiini. Iringa mjini tuko mita 1,500 na ushee juu ya bahari. Maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100 kama ya Kariakoo. Ongeza maji kidogo na dakika kadhaa za moto wa chini, funika vizuri. Ukipika kwa kufuata dakika za Dar unatafuta lawama.

Najua swali linalokuja, kwa sababu limeshaletwa mezani na dada mmoja ninayemheshimu: na wale akina mama wa vikundi wanaosaga masala, wanafunga vipakiti vyao na kupeleka kwenye maonesho ya Nanenane, unataka wafe njaa? Swali zuri, na silikwepi. Wale akina mama wananunua punje, wanakaanga, wanasaga, na wanapata ada ya shule humo. Ukinunua kwa mama unayemjua, amesaga wiki iliyopita na anakuambia ameweka nini, umepata kitu kinachokaribia kabisa cha kwako. Mimi ugomvi wangu ni na unga usio na umri wala wazazi. Wanaoweza kunisaidia ni hao hao akina mama: andikeni tarehe ya kusaga, si ya kuharibika tu, na muandike vilivyomo kwa mpangilio. Hapo mtawapiga mabao makampuni makubwa, kwa sababu wao tarehe ya kusaga hawataki kuionyesha. Na wadau mkumbuke kwamba anayesaga nyumbani bado ananunua. Mdalasini na pilipili manga zinatoka milima ya Morogoro na Muheza kule Tanga, iliki inatoka Tanga, karafuu inatoka Pemba. Mkulima wa Amani hajali kama wewe ndiye uliyesaga au kiwanda.

Binzari nyembamba ndiyo inayonikera, kusema kweli. Ndiyo nguzo ya pilau lote na sehemu kubwa ya inayouzwa duniani inatoka India, majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Mwaka 2023 bei kule ilipanda kuvunja rekodi. Mtu mwenye shamba na elimu ya kilimo angeanza kujiuliza kama kuna pembe kavu ya nchi hii inayoweza kuiotesha kibiashara. Natupa wazo hilo bure, ukitajirika nikumbuke.

Nimalize na kitu kitamu kwa walioniuliza kuhusu kile chakula cha Kimexico kinachoonekana kwenye kila filamu ya Marekani, mkate mwembamba wa mahindi uliokunjwa na nyama ndani, taco. (Jina lake likitamkwa kwa Kiswahili mbele ya wakwe linaleta kasheshe, kwa hiyo naliandika kama wao wanavyoliandika na tusonge mbele.) Pakiti za viungo vyake ukizikuta kwenye supamaketi za Dar zinauzwa bei ya kilo ya nyama. Ukizigeuza nyuma unakuta nini? Pilipili kavu, binzari nyembamba, kitunguu saumu cha unga, chumvi, wanga, na jani kavu linaloitwa oregano. Yaani ukiondoa hilo jani, vyote viko kwenye meza moja pale Soko Kuu.

Kaanga binzari nyembamba vijiko viwili vya chakula na giligilani kijiko kimoja kama tulivyofanya. Ongeza pilipili kavu nyekundu tano au sita, umezitoa mbegu kama unaogopa, zipate joto sekunde chache tu maana moshi wake utawakohoza nyumba nzima. Poza, saga, changanya na pilipili manga nusu kijiko cha chai na chumvi kijiko kimoja. Kitunguu saumu kisage kibichi, kiingie kwenye nyama moja kwa moja. Chukua nusu kilo ya nyama ya kusaga, au kitimoto iliyokatwa vipande vidogo kwa wanaokula, ikaange ikauke maji yake, tia vijiko viwili vya mchanganyiko huo na nyanya mbili za Ilula, acha ishikane. Wao wanatumia mkate wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, sisi tuna chapati. Weka nyama katikati ya chapati, kachumbari juu, kamulia ndimu, kunja. Na uikunje mwenyewe.